CHAMA CHA WAJENZI NI CHA MAMA PIA

Mwezi huu tunaweka kando kidogo habari za homa za watoto na lishe, tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hudhani halituhusu, yaani vyama vya watu wa ujenzi. Tumelichagua kwa sababu swali limetufikia kwa vinywa vitatu.

Mama wa kwanza mumewe ni fundi mwashi wa miaka mingi. Kila mwezi baba hutoa mchango wa umoja wa mafundi, naye mama anaona fedha hizo zinapungua kwenye unga na mafuta ya taa. Mama wa pili ana binti aliyemaliza stashahada ya uhandisi ujenzi. Mwalimu wake amemwambia asikae tu nyumbani kusubiri ajira, atafute chama cha wenzake aingie. Mama wa tatu ana kampuni yake ndogo ya ukandarasi. Amelipa ada ya chama miaka miwili, na anasema hajaona faida hata ya kununulia khanga.

Wote watatu wanauliza neno moja: chama hiki kina faida gani nyumbani kwetu? Jibu letu ni kwamba faida ipo, tena kubwa, lakini hailetwi na kadi ya uanachama. Huletwa na kushiriki. Tutaeleza kwa nini tunasema hivyo, na kila mmoja wenu anaweza kuanzia wapi.

Kwa nini jambo hili ni la nyumbani

Sisi tunaofanya kazi wodini hujua kwamba msimu wa ujenzi umefika hata kabla ya kuona tofali. Wakulima wakishalipwa fedha za korosho, malori ya bati na saruji hupanda kwenda Tandahimba na Newala, na haupiti muda kabla hatujaanza kupokea majeruhi. Mmoja ameanguka kutoka kwenye jukwaa la mirunda. Mwingine amekanyaga msumari uliobaki kwenye mbao za kumwagia zege. Mwingine amerukiwa na saruji machoni, naye badala ya kuosha kwa maji mengi amejipangusa kwa kanga chafu.

Tuwape mfano wa familia moja tuliyoihudumia. Baba alianguka kutoka juu ya kenchi akavunjika nyonga. Tulipouliza anafanya kazi kwa nani, mkewe hakujua. Alilojua ni jina la utani la msimamizi na namba moja ya simu isiyopokelewa. Hapakuwa na mkataba, wala karatasi yoyote yenye jina la mwajiri. Mama yule alilala chini ya kitanda cha mumewe kwa wiki kadhaa. Shamba liliota magugu, na mtoto wa kwanza aliacha masomo akauza maandazi stendi. Aliyeanguka ni mmoja, walioumia ni sita.

Kitanda cha jirani alikuwa amelazwa fundi mwingine aliyevunjika mguu. Jioni ile ile wenzake wa umoja wa mafundi walifika na daftari lao. Walikuwa wamechangishana fedha za chakula, na katibu wao alikuja na jina kamili la mwajiri, jina la mradi na tarehe ya ajali. Fundi huyu hakuwa tajiri kuliko yule wa kwanza, wala hakuwa na elimu zaidi. Tofauti yao ilikuwa kwamba huyu alikuwa na watu waliomwandika jina.

Nchini mwetu upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango wake hulipwa na mwajiri, wala haukatwi kwenye ujira wa mfanyakazi. Mfanyakazi akiumia kazini mfuko huo hugharamia matibabu na ulemavu, na akifariki hutoa msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi wake. Lakini fidia huanza na swali dogo: mwajiri wako ni nani? Anayefanya kazi peke yake kama ndege, leo huku kesho kule, mara nyingi hana jibu la swali hilo. Aliye katika chama huwa amefundishwa kuuliza kabla hajapanda jukwaani.

Ujenzi haukuwa wa wanaume peke yao

Wapo wanaosema kwamba mwanamke na ujenzi ni mambo mageni, yaliyoletwa na semina. Sisi wa kusini tunashangaa kusikia hivyo. Nyumba za bibi zetu zilisimamishwa na wanaume kwa miti na mianzi, lakini nani aliyekanyaga udongo? Nani aliyekandika kuta na kusawazisha sakafu? Kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde ambako maji yalikuwa mbali bondeni, kila ndoo ya kukorogea udongo ilipanda mlima juu ya kichwa cha mwanamke. Nyumba haikukamilika bila yeye. Ila kazi ilipoanza kuitwa ukandarasi, ikawa na mihuri na hundi, mama akabaki kuwa mpika chai wa mafundi.

Hata katika Maandiko jambo hili si geni. Katika kitabu cha Nehemia sura ya 3, yameorodheshwa majina ya waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, kila mmoja na kipande chake. Mstari wa 12 unamtaja Shalumu, aliyejenga kipande chake pamoja na binti zake. Mwandishi hakueleza kwa nini mabinti walikuwapo wala hakuomba radhi. Aliwaandika kwenye orodha kama alivyowaandika wafua dhahabu na wafanya biashara. Nasi tunataka mabinti zetu waandikwe kwenye orodha.

Bodi ni nini, na chama ni nini

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na mama yetu wa tatu ni mmojawao. Tutumie mfano wa kazi yetu. Sisi wauguzi tuna Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hilo ni chombo cha sheria. Linatusajili, linatupa leseni, na tukikosea linatuita. Hatuna hiari. Pia tuna Chama cha Wauguzi Tanzania, TANNA. Huko mtu huingia kwa hiari yake, na huko ndiko tunakopeleka malalamiko, tunakofundishana na kufarijiana. Baraza linamlinda mgonjwa dhidi ya muuguzi mbaya. Chama kinamsaidia muuguzi awe mzuri na atendewe haki.

Katika ujenzi ni hivyo hivyo. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ipo kwa sheria ya mwaka 1997. Hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa nayo. Makandarasi wa majengo na wa barabara hupangwa katika madaraja, la 1 likiwa la wakubwa na la 7 likiwa la wanaoanza. Wahandisi wana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, ambayo husajili pia mafundi sanifu. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi nao wana bodi yao. Hivi vyote ni vyombo vya serikali. Ada unayolipa huko ni ruhusa ya kufanya kazi, kama leseni ya dereva.

Vyama ni kitu kingine. Wahandisi wana Taasisi ya Wahandisi Tanzania, IET, iliyoanzishwa mwaka 1975, nayo ina kitengo cha wanawake. Wasanifu wana AAT, na wakadiriaji majenzi wana TIQS. Makandarasi wana vyama kadhaa, na kimojawapo ni Chama cha Makandarasi Wanawake Tanzania, TWCA. Mafundi wa kawaida, yaani waashi, maseremala, mafundi bomba na wapaka rangi, mara nyingi huanza na umoja mdogo wa mtaa au wa wilaya.

Kwa hiyo mama uliyelipa ada miaka miwili, jiulize kwanza: ulilipa bodi, au ulilipa chama? Kama ulilipa bodi, usidai huko faida ya chama. Na kama ulilipa chama, swali linalofuata ni hili: umehudhuria mikutano mingapi?

Chama hutoa nini

Kwanza, usalama. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Walikuwemo akina mama waliokwenda kufungua maduka yao asubuhi. Jengo haliangui mafundi tu, huangukia hata mpita njia. Ndiyo maana katika Torati, Kumbukumbu 22:8, mwenye kujenga nyumba aliagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari ili mtu asianguke. Fundi aliye peke yake, bosi akimwambia apunguze nondo au aongeze mchanga kwenye zege, hukubali kwa sababu anaogopa kukosa kibarua. Fundi mwenye chama anaweza kusema, "Sisi hatujengi hivyo." Neno hilo "sisi" lina nguvu kuliko "mimi".

Pwani yetu ina sababu nyingine ya kujifunza pamoja. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na mwezi Mei 2024 Hidaya kikasumbua pwani ya Tanzania. Namna ya kufunga kenchi kwenye ukuta ili upepo usiinue bati si siri ya mtu mmoja. Ni somo la kufundishana katika mkutano wa Jumamosi.

Pili, elimu na vyeti. Mafundi wengi wamejifunza kazini kwa kubeba ndoo za wengine. Wanajua kazi lakini hawana karatasi. VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti akifaulu. Mtu mmoja mmoja huona aibu kwenda kuuliza. Chama kinaweza kuandika barua moja kwa ajili ya mafundi ishirini, wakaenda kwa pamoja.

Tatu, zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Wanawake ndio wametangulia kutajwa, lakini wangapi wetu tumejiandikisha? Zabuni za serikali sasa hupitia mfumo wa kompyuta uitwao NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Mama mwenye kampuni ya daraja la 7 huko Masasi akikaa peke yake mbele ya mfumo ule huchoka akaacha. Wakikaa wanne, mmoja ambaye ameshafanikiwa huwaonyesha wengine.

Nne, mtaji na dhamana. Ili kuomba kazi kubwa kidogo hutakiwa dhamana ya zabuni, na ukipata kazi hutakiwa dhamana ya malipo ya awali. Benki hutaka hati ya nyumba, na nyumba yenyewe ina jina la baba mkwe. CRB ilianzisha mwaka 2002 mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo na wa kati kupata dhamana hizo. Kwa vikundi ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejea mwaka 2024. Habari za namna hii husikika kwanza mahali watu wa kazi moja wanapokutana.

Tano, sauti. Mtwara imeona wimbi baada ya wimbi la ujenzi. Miaka ya 1940 na 1950 palikuwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ukaleta bandari yetu na reli ambayo baadaye iling'olewa. Karne hii limekuja Daraja la Mkapa kwenye Rufiji mwaka 2003, Daraja la Umoja kwenye Ruvuma mwaka 2010, kiwanda cha saruji cha Dangote, mtambo wa gesi wa Madimba, gati jipya la mita 300 bandarini, na barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi yenye kilomita 210. Katika kila wimbi makampuni yalikuja na watu wao, na wengi wa vijana wetu walipata kazi ya kuchimba mtaro na kubeba mifuko. Manung'uniko yalikuwa mengi, na mwaka 2013 ghasia za gesi zilitugharimu maisha na mali. Manung'uniko ya kijiweni hayana anwani. Chama chenye daftari, chenye orodha ya mafundi na vyeti vyao, kinaweza kwenda kwa mhandisi wa mradi kabla kazi haijaanza na kusema, "Watu mnaowahitaji ni hawa." Hilo halihakikishi kazi, lakini humpa mwenye kazi jina la kuanzia.

Namna ya kushiriki

Sasa tuje kwenye vitendo. Tunaojua VICOBA na upatu hatuhitaji kufundishwa kwamba chama hakiendi chenyewe. Hata hivyo tupange hatua.

1. Ulizia kwanza. Mkandarasi auliziE kupitia bodi iliyomsajili na makandarasi wenzake wa mkoa. Fundi wa mtaani aanze na afisa maendeleo ya jamii wa kata, maana ndiye anayejua vikundi vilivyosajiliwa. Ofisi za TARURA na za mhandisi wa halmashauri nazo hujua nani anafanya kazi nani hafanyi.

2. Hudhuria kabla ya kulipa. Omba kukaa mgeni katika mkutano mmoja au miwili. Sikiliza wanazungumza nini. Kama ni posho na safari kutoka mwanzo hadi mwisho, rudi nyumbani.

3. Ukishaingia, shika kazi moja ndogo. Hapa ndipo faida inapoanza. Usigombee uenyekiti mwaka wa kwanza. Kubali kuandika kumbukumbu, kutunza orodha ya wanachama, kuwatembelea wagonjwa, au kupiga simu za kuwaita watu mkutanoni. Anayetunza orodha anamjua kila mtu, na kila mtu anamjua. Kazi ikitokea jina lake ndilo la kwanza kukumbukwa. Mama yetu wa tatu, tunadhani hapa ndipo palipobaki. Kadi umelipia, lakini wenzako hawakujui sura.

4. Leta ulicho nacho. Si lazima uwe mhandisi ili uwe na faida. Mke wa fundi anayejua hesabu anaweza kuwa mweka hazina mzuri. Sisi wauguzi wa kujitolea kanisani huenda kwenye mikutano ya mafundi tukiwa na bandeji na mbao moja ndefu. Tunawaonyesha kwamba aliyeanguka kutoka juu hanyanyuliwi kwa kushikwa kwapa na miguu kama gunia, maana uti wa mgongo ukiwa umevunjika mtamlemaza. Alazwe juu ya ubao bapa, shingo isitikisike. Tunawaambia kwamba saruji mbichi huchoma ngozi, ioshwe mapema kwa maji mengi. Jicho likiingiwa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha mtu aende hospitali. Aliyechomwa msumari aje kwa ajili ya kinga ya pepopunda, hata kama kidonda ni kidogo. Na akina mama wanaopasua kokoto tunawasihi wasiwaweke watoto wachanga penye vumbi lile. Vumbi la mawe likizoea mapafu halitoki tena.

5. Mpeleke binti, usimwache nyuma. Mama wa pili, binti yako na aandikishwe kwanza kwenye Bodi ya Wahandisi kama fundi sanifu, kisha atafute wenzake. Akijiendeleza hadi shahada, ERB ina mpango wa mafunzo ya kazini kwa wahitimu wa uhandisi, ulioanza mwaka 2003, na kuanzia mwaka 2010 Norwei ilisaidia kuwaingiza wahitimu wengi wanawake. Binti peke yake kwenye eneo la kazi la wanaume hamsini anaweza kusumbuliwa, akaona afadhali aache. Akiwa na dada zake katika chama atakuwa na mtu wa kumpigia simu jioni. Nasi wazazi tusiwe wa kwanza kumwambia kwamba buti na kofia ngumu vitamkosesha mchumba.

Tahadhari

Hatutaki kuwapamba watu uongo. Vyama vingine ni mtego. Kabla ya kutoa fedha omba kuona hati ya usajili. Chama huandikishwa kwa Msajili wa Vyama, na kikundi kidogo huandikishwa halmashauri. Uliza katiba iko wapi, uchaguzi ulifanyika lini, na hesabu zilisomwa lini mbele ya wanachama. Lipa kwenye akaunti ya chama, usilipe mkononi wala kwenye simu ya mwenyekiti, na udai risiti.

Mwogope anayekuahidi zabuni kwa sababu tu umejiunga. Chama halali hukufundisha kuomba kazi, hakikuuzii kazi. Mwogope pia anayekuomba umpe jina la kampuni yako aombee zabuni ya wanawake, kazi aifanye yeye, wewe upewe bahasha. Mama akitia sahihi, deni la serikali na lawama ya ukuta ulioanguka vitamfuata yeye. Bahasha itakuwa imeshakwisha sokoni.

Na chama kikiwa cha kukubaliana bei ili kumkamua mwananchi anayejenga vyumba viwili, hicho hakitufai. Tunawatetea mafundi, lakini na mjane anayejenga kwa fedha za korosho ni wetu.

Mezani nyumbani

Neno la mwisho ni kwa mama wa kwanza, yule anayeona mchango unapungua kwenye unga. Mama, hasira yako tunaielewa. Wewe ndiye unayejua sufuria ina nini. Lakini usianze kwa kumwambia baba aache. Mketishe kwa utulivu baada ya chakula, umwombe akueleze mambo manne: chama kinaitwaje, katibu wake ni nani, mwanachama akiumia hupewa nini, na hesabu zilisomwa lini. Akiyajibu vizuri, mchango ule ni sehemu ya akiba ya nyumba, uuhesabu pamoja na ada ya shule. Akishindwa kuyajibu, mwambie aende mkutano ujao akayaulize, tena akitaka uende naye.

Pamoja na hayo, nunua daftari la senti chache uliweke kabatini. Kila baba anapopata kazi mpya, andika jina la mwenye kazi au kampuni, mahali ilipo, tarehe ya kuanza, ujira waliokubaliana, na simu ya msimamizi. Kama anafanya kazi zake mwenyewe, muulizie NSSF, wanapokea pia wanachama wanaojichangia wenyewe. Daftari hilo halihitaji ruhusa ya mkutano wowote. Tuliona wodini kilichomkuta mke asiyekuwa na hata jina la kutuambia.

Nawe baba ukisoma ukurasa huu kwa kuchungulia, kama tunavyojua mnavyofanya, mkeo akitaka kuhudhuria mkutano wa makandarasi Jumamosi usimwulize nani atapika. Mpike siku hiyo ninyi na watoto. Wali hauna ugumu kuliko zege.

Akina mama, mwezi huu tunawapa kazi moja tu. Kila mmoja amtafute mtu mmoja wa ujenzi katika nyumba yake au ukoo wake, awe mume, kaka, binti au yeye mwenyewe, amuulize: "Jina lako limeandikwa wapi?" Akikosa jibu, mnajua pa kuanzia. Mtuandikie mtakayoyapata huko, mazuri na machungu, nasi tutayajibu katika toleo lijalo. Mungu azilinde nyumba zenu na mikono inayozijenga.